UZI: Datsun 240Z au Porsche 911 ya zamani? Kwa anayetaka gari moja la kutunza

Wakuu, habari za muda huu.

Wiki iliyopita nilikuwa nakata sakafu ya Datsun 240Z upande wa dereva, hapa gerejini Sharjah. Diski ya grainda ilipopenya kwenye mhimili unaobeba sakafu, udongo ukaanza kumwagika. Mwekundu, laini kama poda. Nikazima mashine nikauchota kwa kiganja. Mimi ni mtu wa Korogwe, udongo ule siwezi kuusahau. Makaratasi ya gari yanaonyesha liliuzwa Nairobi likiwa jipya mwaka 1972, usukani kulia, namba ya chasisi inaanza na HS30. Limezunguka nchi tatu, limepigwa rangi si chini ya mara nne, na ule udongo ulikuwa bado umo ndani.

Kwenye lifti ya pembeni kulikuwa na Porsche 911T ya 1971. Mteja wetu mmoja, mzee wa Muscat ambaye wazazi wake walitoka Unguja, akasimama katikati ya magari mawili akaniuliza: "Hebu nambie fundi, ingekuwa wewe ungechukua lipi hapa?"

Nilimjibu kwa neno moja. Hapa nataka nieleze sababu zote, maana swali hili naulizwa sana na ndugu zetu walioanza kupata hela kidogo na wanataka gari moja la kutunza, la kumwachia mtoto. Mimi ni fundi bodi, miaka kumi na moja sasa. Nitaongea zaidi kuhusu bati kuliko injini, mniwie radhi.

Asili yao kwa ufupi

911 ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1963 ikiitwa 901. Peugeot wakalalamika kwamba namba tatu zenye sifuri katikati ni haki yao Ufaransa, Porsche wakatoa sifuri wakaweka moja. Umbo alilichora Ferdinand Alexander Porsche, mjukuu wa mwanzilishi. Injini iko nyuma kabisa, nyuma ya magurudumu ya nyuma, silinda sita zimelala chali, tatu kila upande, zinapozwa kwa feni na oili. Hakuna rejeta. Walianza na lita 2.0 na nguvu za farasi 130, wakaja na 2.2 kwa modeli za 1970, kisha 2.4 kwa modeli za 1972. Herufi zinaenda T, E, S. T ndiyo ya chini, S ndiyo kali.

240Z ilitoka Oktoba 1969. Kwao Japani iliitwa Fairlady Z na nyingi zilifungwa injini ya lita 2.0, kwa sababu kodi ya huko ilipanda ukivuka cc 2000. Zilizouzwa nje zilipewa cc 2393, silinda sita zimesimama mstari mmoja, kabureta mbili, nguvu za farasi 151 kwa vipimo vya Marekani vya wakati ule. Umbo lilisimamiwa na Yoshihiko Matsuo na timu yake, na aliyelipigania gari lenyewe ni Yutaka Katayama, bosi wa Nissan (kampuni iliyokuwa inauza magari kwa jina la Datsun) kule Marekani. Bei yake Marekani ilikuwa dola 3,526. 911T ya mwaka huohuo ilikaribia mara mbili ya hapo, na ukiyaachia kwenye barabara nyeupe yote mawili yanacheza kwenye kilomita 200 kwa saa.

Safari, ambako sisi tunahusika

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo sehemu ambayo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaisoma kwenye majarida, sisi tunaisikia kwa wazee wetu waliosimama kandokando ya barabara siku za Pasaka.

Mashindano ya rali ya East African Safari ya 1971, yalipokuwa bado ni ya Afrika Mashariki yote, yalichukuliwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller kwenye 240Z. Wa pili Shekhar Mehta, naye kwenye 240Z. Herrmann alikuwa Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, na mwaka uliotangulia alishinda na Datsun 1600 SSS. Porsche nao walikuwepo na timu yao kutoka kiwandani mwaka huo, wakapigwa.

1972 Mpolandi Sobiesław Zasada alikuja wa pili na 911S nyuma ya Ford Escort ya Hannu Mikkola. 1973 ndiyo ile ambayo mpaka leo ukiisimulia mtu anadhani unatunga: Mehta kwenye 240Z na Harry Källström kwenye Datsun 1800 SSS walimaliza na pointi sawasawa. Ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza, na Mehta akapewa ushindi. Kumbukeni Mehta alikuwa mtoto wa Uganda. Familia yake iliondoka wakati Amin anawafukuza Waasia mwaka 1972. Miezi michache baadaye anashinda Safari. Mtu huyo alikuja kushinda mara tano.

Porsche hawakukata tamaa. 1974 Mswidi Björn Waldegård alimaliza wa pili na 911, akimfuata Joginder Singh wa Kenya na Mitsubishi Lancer yake. 1978 wakaja na 911 SC zilizoinuliwa juu kama Land Rover, wakiwa na rangi za wadhamini wao, Martini. Vic Preston Junior, mtoto wa Kenya, akawa wa pili, Waldegård wa nne. Peugeot 504 ikachukua. Mara tatu wa pili, hakuna ushindi hata mmoja kwenye Safari ile ya zamani.

Waldegård alirudi mwaka 2011 kwenye Safari ya magari ya zamani, ile inayoitwa Safari Classic, akiwa na miaka 68. Alikuwa na 911. Akashinda. Miaka 37 baada ya ule wa pili wake. Kila nikiikumbuka habari hii nalipenda gari lile, hata kama moyo wangu uko kwa Datsun.

Kwa hiyo mtu akikuambia 240Z ni "Porsche ya maskini", mwambie kwenye udongo wetu mambo yalikuwa kinyume.

Sasa bati

Gari la kutunza unanunua bodi. Injini ya 240Z fundi yeyote mzoefu wa Datsun za zamani anaifungua na kuifunga; injini ya 911 ni ghali lakini wapo wanaoiweza. Bodi iliyooza inakula hela kimyakimya, na utakuwa umeshalipa.

240Z inaoza kila mahali maji yanapokaa. Bati lake ni jembamba na kiwandani hawakulikinga sana. Anza chini ya betri: asidi inachuruzika, bati linaliwa, kutu inashuka mpaka kwenye mhimili wa chasisi. Halafu ingia ndani, nyanyua kapeti. Utakuta tabaka gumu la lami lililobandikwa kuzuia kelele. Usiridhike nalo. Chukua bisibisi butu, gongagonga. Sehemu nzima inalia kavu. Iliyooza inalia kama unagonga boksi la kadibodi, na lami inabonyea. Ile ya Nairobi ilikuwa hivyo, lami imekaa vizuri kabisa juu, chini yake hakuna bati. Ndiyo maana nikakata.

Endelea: kingo za chini ya milango, nyuma ya matao ya magurudumu ya nyuma, shimo la tairi la akiba, na sakafu ya buti kwenye ukingo wa mlango wa nyuma. Fungua na mfereji ulio chini ya kioo cha mbele penye wipa, majani yanajaa humo na maji yanakosa pa kutokea. Tena, ukiendesha ukasikia harufu ya moshi ndani, raba ya mlango wa nyuma au ya taa za nyuma imekufa. Hilo ni tatizo la Z zote na linarekebishika.

911 nayo inaoza, tena kwa siri zaidi. Mabati ya zinki walianza kuyatumia kwenye modeli za 1976, kwa hiyo zote tunazozizungumzia hapa hazina kinga hiyo. Kingo za chini ya milango ndizo zinazoshikilia gari zima. Fungua mlango, piga jeki upande huo, kisha jaribu kuufunga taratibu. Kama uwazi kati ya mlango na bodi umebadilika, gari limelegea mgongo. Mbele, nyanyua kapeti ya buti, tazama chini ya tangi la mafuta pale mikono ya sispensheni inapofungwa. Kuanzia 1969 mpaka 1973 waliweka betri mbili, moja kila kona ya mbele, kwa hiyo asidi inakula pande zote mbili. Na kule nyuma ya viti kuna bomba linalobeba springi za kusokota. Likioza hapo, andaa hela ya maana.

Miaka miwili iliyopita alikuja kwetu mteja na 911 aliyoinunua nje kwa picha. Rangi ya fedha, inang'aa mpaka unajiona. Nilizungushia sumaku kitambaa nikaipitisha kwenye tao la gurudumu la nyuma. Haikushika. Nikasogea kidole kimoja, haikushika. Tulipokwangua, puti (ile plasta ya kuzibia bati) ilikuwa na unene wa kidole gumba changu, na ndani wamejaza wavu wa chuma. Yule baba alikaa kwenye kiti cha plastiki asiseme kitu kwa muda mrefu. Alikuwa amelipia rangi. Nunueni sumaku wakuu, ya bei yoyote ile, izungushieni kitambaa laini, mtembee nayo mfukoni.

Namba

Kuna mdau ameniuliza PM (ujumbe wa faragha): "Mkuu, nitajuaje kwamba S ni S kweli?" Swali la msingi sana, kwa sababu tofauti ya bei kati ya T na S ni kubwa mno, na beji ya S inauzwa dukani.

Kwa 911 za modeli ya 1970 mpaka 1973 soma namba ya chasisi. Inaanza na 911. Tarakimu ya nne ni mwaka: 0 ni 1970, 3 ni 1973. Ya tano inakuambia aina, na 3 hapo maana yake S. Ya sita: 0 ni kupe (paa la bati lisilotoka), 1 ni Targa (sehemu ya paa inatolewa). Kwa hiyo 9110300 ni S ya 1970, kupe. Ukiona nyuma pameandikwa 911S halafu tarakimu ya tano ni 1, hiyo ni T iliyovalishwa nguo. Linganisha na namba ya injini iliyogongwa kwenye kiguzo cha feni, na omba cheti cha Porsche wenyewe, wanatoa maelezo ya gari lilivyotoka kiwandani.

Kwa Z: HLS30 usukani kushoto, HS30 kulia. Namba imegongwa kwenye ukuta wa injini, na kibati kilicho ndani ya boneti kinataja mpaka namba ya injini, kwa hiyo unalinganisha na ile iliyo pembeni mwa bloku inayoanza na L24. Za mwanzo kabisa, mpaka mwanzoni mwa 1971, zina matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma. Baadaye yakahamishiwa pembeni, ndani ya beji ya duara yenye herufi Z. Wakusanyaji wanazilipia za mwanzo zaidi. Kama moja ina matundu ya zamani lakini namba ya baadaye, uliza mlango umetoka wapi.

Na hili la rali: kila 240Z iliyotoka Kenya sasa ina muuzaji anayesema "ilikimbia Safari". Mwenye ile ya udongo mwekundu naye aliambiwa hivyo. Nimeifungua yote, sijaona alama ya kuimarishwa bodi, wala tundu la kufungia fremu ya usalama, wala kiraka cha taa za ziada. Ni gari la mtu aliyeishi Nairobi akapita barabara za vumbi. Kwangu hilo linatosha, ila bei yake si ya gari la rali.

Injini, haraka haraka

L24 ya Datsun ni ngumu. Ipe oili, rekebisha vali, itakuzika. Za 1973 zilipewa kabureta za bapa kwa ajili ya sheria za moshi za Marekani, zinasumbua kwenye joto; wengi wamerudisha zile za mwanzo zenye kichwa cha duara.

911 sikiliza cheni. Vikaza cheni vya zamani vinachoka na vikiachia, vali na pistoni vinakutana. Wengi wamefunga vile vya kisasa vinavyolishwa oili, na muuzaji akikuonyesha risiti ya kazi hiyo mwongezee heshima. Oili haipimwi injini ikiwa baridi kama tulivyozoea: gari liwe limepata moto, liko tambarare, injini inanguruma, ndipo uchomoe kijiti. Wanaopima asubuhi wanaona kiko chini, wanaongeza, wanamwaga oili mpaka kwenye chujio la hewa. Kwenye modeli ya 1972 Porsche walihamisha tangi la oili wakaweka kifuniko chake nje, kwenye ubavu wa kulia mbele ya gurudumu la nyuma. Vijana wa vituoni wakawa wanamimina petroli humo. Mwaka uliofuata wakakirudisha ndani, na leo hao hao wakusanyaji wanazitafuta za 1972 kwa ajili ya kile kifuniko.

Majibu kwa wadau

"Ni kweli 911 inaua?" Ina tabia yake. Uzito uko nyuma. Ukiingia kona kwa kasi ukashtuka ukaachia mafuta ghafla, mkia unataka kupita mbele. Za kabla ya modeli ya 1969 ndizo kali zaidi. Kisha wakayasogeza magurudumu ya nyuma yaende nyuma zaidi kwa milimita 57 na ikatulia kidogo. Punguza mwendo kabla ya kona, ingia, kisha kanyaga mafuta taratibu. Tope na changarawe ndipo inapokupa raha, kwa sababu uzito wote umekalia magurudumu yanayosukuma. 240Z ni rahisi kuielewa, boneti ndefu, unakaa karibu na ekseli ya nyuma, unaisikia inapoanza kuteleza.

"Bei mkuu?" Kwa hali sawa, 911T safi itakugharimu mara mbili mpaka tatu ya 240Z safi. S usiiguse kama si mtu wa dola laki na zaidi. Z nayo si ya kubezwa: Januari 2020 moja ya zile za mwanzo iliyotunzwa kama ilivyotoka kiwandani iliuzwa kwa mnada wa mtandaoni Marekani kwa dola 310,000. Hiyo ni ya pekee, msije mkamkaba mzee wa watu mwenye Z bovu uani.

"Naweza kuliingiza nyumbani?" Kenya wanazuia magari yaliyopita miaka 8 na ya usukani wa kushoto, kwa hiyo kwa aliye Kenya njia fupi ni kutafuta lililoko ndani tayari. Na yapo, nendeni Ngong Racecourse siku ya Concours (maonyesho ya magari yaliyotunzwa) mkajionee. Tanzania kuna ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Kaa na wakala wa forodha na karatasi mkononi kabla hujalipa gari.

"260Z je?" Chukua, kama bati ni zima. Injini imeongezwa mpaka cc 2565, bei iko chini, na mtu wa kwenye mataa hatajua tofauti.

"Na spea?" Porsche wana kitengo chao cha magari ya zamani, utapata mpaka skrubu, ila utalipa kama dhahabu. Za Z zinatoka kwa watengenezaji huru, hasa Marekani ambako ndiko nyingi ziliuzwa. Sakafu, mihimili, matao, vyote vinakuja vimekunjwa tayari. Vitu vya ndani ndivyo vinavyotesa: dashibodi isiyopasuka juani ni adimu kuliko injini.

Sasa jibu langu kwa yule mzee. Nilimwambia: Datsun. Akaniuliza kwa nini, na yeye hela ya Porsche anayo. Nikamwonyesha sakafu niliyokata, nikamwambia hii naweza kukurudishia yote kwa mikono yangu, ukaiendesha mpaka Salalah, kusini kabisa mwa Oman, ukarudi, na ikiharibika njiani fundi yeyote ataielewa. Ile nyingine utaiogopa. Nimewaona wenye 911 wengi wanaolipa gereji ya kuhifadhia na hawajawahi kuchafua tairi. Ila kama shida yako ni hela ikae mahali salama, 911T ya 2.2 au 2.4 yenye namba zake zote na bati lake la asili ni bora, na sitakupinga hata kidogo.

Yule mzee alicheka, akasema atalala nalo. Jana kapiga simu anauliza kama mwenye Z ile anauza. Hauzi. Sakafu mpya imeshakaa, nimechomelea kwa vituo kama kiwandani, mihimili nimeipiga nta ndani. Nasubiri raba ya kioo cha mbele kutoka California. Ikifika nafunga kioo, naweka picha humu humu.